Pua si hakimu: juu ya manukato ya wanawake na tabia wanazobandikwa



Katika vijitabu vyetu tumezoea kuandika juu ya ngoma, mahari, majina ya ukoo na kazi ya mwami. Safari hii tunaandika juu ya harufu. Mtu anaweza kucheka: je, watu wa Masisi na Walikale, waliokimbia vita mara nyingi namna hii, wana wakati wa kuzungumza manukato? Tunajibu kwamba wakati huo tunao, na tunautumia kusudi. Mambo madogo ambayo watu wanayapitisha kwa kicheko njo yanaingia nyumbani bila kubisha hodi, na kesho unayakuta yamekaa kwenye kiti cha hakimu.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Katika saloni moja ya nywele mjini Goma, mabinti wetu wawili walikuta karatasi imebandikwa karibu na kioo. Ilikuwa na safu mbili. Upande mmoja aina za parfe: ya maua, ya matunda, ya vanila, ya miti, ya viungo. Upande wa pili aina za wanawake: mpole, mchangamfu, mwenye mapendo, mwenye mamlaka, mwenye siri. Chini yake iliandikwa kwamba mwanamke anayejua tabia yake hawezi kukosea chupa. Mmoja wa mabinti hao ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alipenda harufu ya miti. Akaambiwa hiyo ni ya mwanamke mgumu, na shemeji yake akaongeza: "Bwana hatakaa na muke wa namna hiyo." Walicheka wote, na yeye alicheka pamoja nao. Lakini chupa ile aliyokwisha kununua hakuifungua tena.

Majuma machache baadaye tukasikia habari nyingine. Katika gari lililotoka Sake, abiria walimshusha mama mmoja njiani. Juu ya nini? Juu alikuwa anavuja mkojo, na gari zima lilikuwa linanuka. "Muchafu," walisema. "Mwanamke asiyejiheshimu." Mama akateremka na kifurushi chake, gari likaendelea.

Tuliziweka habari hizi mbili pamoja, na tukaona ni habari moja. Karatasi ya saloni inasema: nisikie unavyonukia, nitajua wewe ni nani. Abiria wa gari walisema neno lile lile. Tofauti ni kwamba moja limepambwa na lingine halikupambwa. Kwa hiyo tunaandika.

Tabia ndani ya chupa

Tuseme kwanza, ili tusieleweke vibaya: hatupingi manukato. Mwanamke akipenda kunukia, anunue, ajipake, atembee na furaha yake. Franga ni zake. Tunapinga neno moja tu, lile linalosema kwamba parfe inaonyesha tabia ya mtu na kwamba kila tabia ina parfe yake. Neno hilo halikuzaliwa Masisi wala Walikale. Ni neno la biashara, na njia yake inafuatika.

Chanel N° 5, iliyotoka Ufaransa mwaka wa 1921, ilipewa namba tu kuwa jina lake. Miaka ilivyopita, chupa zikawa nyingi sokoni, na wauzaji wakaona kwamba harufu peke yake haitoshi kumvuta mnunuzi. Mwaka wa 1973 kampuni ya Marekani iitwayo Revlon ilitoa parfe ya Charlie. Matangazo yake yalionyesha kijana wa kike aliyevaa suruali, anatembea kwa hatua ndefu, mwenye kazi yake, asiyemngoja mtu. Waliokuwa wanauza waliuza mwanamke wa namna fulani, na harufu ikamfuata nyuma. Mwaka wa 1977 Yves Saint Laurent alitoa Opium, jina la dawa ya kulevya, na Wamarekani wenye asili ya China wakalalamika hadharani, wakikumbuka mateso ambayo dawa hiyo ilileta kwao. Mwaka wa 1985 nyumba ya Dior ilitoa Poison, maana yake Sumu.

Tusimame hapo kidogo. Sisi ni watu wa Kivu. Kwetu neno la karuho linasemwa kwa sauti ya chini, na mwenye kumpa mgeni kasiksi anaonja kwanza yeye mwenyewe ili mgeni anywe na moyo mtulivu. Nani kwetu angempelekea bibi arusi chupa iliyoandikwa Sumu? Wazazi wa binti wangerudisha mbuzi siku ile ile! Lakini huko jina hilo liliuza vizuri sana, juu lilimwahidi mnunuzi kwamba yeye si mwanamke wa kawaida. Si mnaona? Jina, sanduku na picha njo vyenye tabia. Kilicho ndani ya chupa ni alkoli iliyochanganywa na mafuta ya mimea, pamoja na vitu vilivyotengenezwa maabara. Ua la ylang-ylang linachumwa Komoro asubuhi mapema. Karafuu zinatoka Zanzibar, na mizizi ya vetiva inachimbwa Haiti. Mama wa Komoro anayechuma ua hilo kabla jua halijawaka hakuna anayemwuliza tabia yake.

Chupa moja, Mushaki na Walikale

Tuache matangazo, tupime neno lenyewe kama linasimama.

Parfe hainukii namna moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Vitu vyepesi, kama limau na machungwa, vinapaa kwanza na kwisha upesi. Nyuma yake yanakuja maua. Mwisho vinabaki vitu vizito, miti, vanila na mafuta ya utomvu, ambavyo vinaweza kukaa kwenye nguo mpaka kesho yake. Joto linavipaisha haraka zaidi, na jasho na mafuta ya ngozi vinavigeuza. Kwa sababu hiyo dada wawili wa tumbo moja wanaweza kujipaka chupa moja na kusikika tofauti.

Sasa chukua hiyo chupa moja. Jipake asubuhi Mushaki, juu ya vilima vya ng'ombe, ambako baridi inakulazimisha kufunga koti mpaka shingoni. Halafu shuka nayo mpaka Walikale-centre, ndani ya msitu, kwenye joto na unyevu. Kule Mushaki harufu inakaa karibu na ngozi, mtu anaisikia akikukumbatia. Kule Walikale inapaa mara moja, inajaza nyumba, na baada ya muda mfupi sehemu kubwa imekwisha. Kama ile karatasi ina haki, basi mama huyu ana tabia moja ya mlimani na nyingine ya msituni, na jioni jasho likikauka anapata ya tatu! Mtu gani mwenye akili ataoa, au atakataa kuoa, kwa kipimo cha namna hiyo?

Tena kuna pua ya yule anayenusa. Wataalamu wa ubongo wanatueleza kwamba njia ya harufu inapita karibu sana na sehemu zinazotunza kumbukumbu na hisia. Mtoto aliyelelewa kati ya ng'ombe za Masisi akisikia samli anaona nyumba ya mama yake. Mtoto wa Itebero akisikia mawese mapya yanachemka anaona yake. Wa kwanza akikunja uso mbele ya mawese, na wa pili akikunja uso mbele ya samli, kila mmoja ametueleza alikokulia. Juu ya mwanamke aliyepita mbele yao hawajatueleza chochote.

Na mbona karatasi ile iliandikwa kwa ajili ya wanawake peke yao? Kinshasa, wapapa na vijana wa sape, ambao Papa Wemba aliwatia moyo mpaka alipofariki mwaka wa 2016, wanajimwagia malasi kama wanavyoita kwa Lingala, na kila mtu anapiga makofi. Hata kwetu bwana akinukia anaitwa msafi. Mwanamke akinukia anaulizwa: unaenda wapi? Asiponukia anaulizwa: unakaa namna gani? Pande zote mbili yeye njo anashitakiwa. Bwana hajawahi hata kuitwa shahidi.

Wazee wetu walijua nini juu ya harufu

Kuna watakaosema: ninyi watu wa mila, mnataka wanawake warudi kwenye samli na mafuta ya mbarika. Hapana. Lakini tunataka wajue samli na mbarika vilikuwa na kazi gani, juu hapo mila yetu ina akili kuliko ile karatasi.

Kwa wafugaji wa Masisi, siagi ya ng'ombe ilikuwa mafuta ya mwili, nayo ilitiwa harufu kwa mimea ya kunukia. Vyombo vya maziwa vilifukizwa kwa moshi wa majani, na mwili na nguo vilifukizwa pia. Kwa Bahunde na Banyanga, mafuta ya mbarika yaling'arisha ngozi. Kule chini kwenye michikichi, mtoto mchanga alipakwa mafuta ya mbegu za ngazi. Kila jamii ilikuwa na majani yake, na bibi zetu walijua lipi linachumwa kando ya mto na lipi linachumwa juu ya mlima.

Lakini walipaka lini? Walimpaka binti anayekwenda kwa wakwe. Walimpaka mzazi aliyetoka kujifungua, baada ya kumwosha maji ya moto. Walimpaka mtu aliyemaliza kilio, ili ajue kwamba sasa anaweza kurudi kati ya watu. Na nani alipaka? Mara nyingi mkono wa mwingine: shangazi, nyanya, mama mkwe, dada. Harufu nzuri ilikuwa kitu unachopewa na wenzako ili kukupokea. Binti mpole na binti mkali walipakwa mafuta yale yale, siku ile ile ya harusi yao, kwa kuwa mafuta yalifuata siku. Tabia ilikuwa na mahali pake pa kuonekana, shambani, jikoni, na kwenye taabu ya jirani.

Ndugu zetu wa pwani ya Waswahili, ambao ni mabingwa wa mambo haya kuliko sisi, nao wanafanya karibu vilevile. Zanzibar bibi arusi anafukizwa udi, anavalishwa kikuba cha asumini na mrehani, na somo anamfundisha namna ya kuishi. Harufu ni ya udi, lakini mafundisho ya tabia yanatoka kinywani mwa somo. Hawakuchanganya vitu viwili hivyo.

Hata Kiswahili chenyewe kinatufundisha. Tunasema kunuka, na tunasema kunukia. Herufi moja tu imeingia katikati. Ni ileile inayogeuza kupika kuwa kupikia, yaani kupika kwa ajili ya mtu. Sisi tunapenda kuisikia hivi: anayenukia ananukia kwa mwenzake. Ni namna ya kusema karibu.

Na Banyanga wana ushahidi mkubwa kuliko wote, ambao vijana wengi wa leo hawaujui. Mwaka wa 1956 mzee Candi Rureke alimwimbia na kumsimulia Daniel Biebuyck hadithi ya Mwindo, na mwaka wa 1969 hadithi hiyo ilitoka katika kitabu ambacho Biebuyck alikitengeneza pamoja na mtaalamu wetu Kahombo Mateene. Watu wanakumbuka Mwindo aliyezaliwa akitembea na kusema, mwenye usinga wake wa conga, aliyekataliwa na baba yake. Lakini wangapi wanamkumbuka Kahindo? Mwindo alipomfuata baba yake chini ya ardhi, kwa Muisa, alimkuta kwanza Kahindo, binti ya Muisa, mgonjwa wa buba, mwenye vidonda mwilini mzima. Kahindo njo alimwonya juu ya mitego ya baba yake: ukipewa kiti hiki, kataa, na ukipewa pombe hii, kataa. Na Mwindo aliviosha vidonda vile, akamponya, kabla ya kuendelea na safari.

Tuwaze kidogo. Kama Mwindo angekuwa na ile karatasi ya saloni mkononi, angemwandika Kahindo upande gani? Angekunja pua, angempita, na angekufa kwa Muisa siku ya kwanza. Binti ambaye pua ingemhukumu njo alikuwa na tabia ya kuokoa maisha. Wazee waliosimulia hadithi hiyo kando ya moto walijua walichokuwa wanasema.

Kosa letu wenyewe

Hapa lazima tuwe wakweli, juu chama cha mila kikisifu tu kinakuwa kama muuza parfe. Wahenga wetu hawakuwa malaika, na sisi watoto wao hatuwi.

Sisi wote tumesikia matusi ya harufu. Mkulima anasema mfugaji ananuka maziwa yaliyochacha. Mfugaji anasema mkulima ananuka moshi. Watu wa mlimani wanakunja pua kwa watu wa msituni. Na wote pamoja wanakubaliana kuwatukana Batwa, hawataki kunywa nao kwenye kikombe kimoja, wanasema "wananuka." Tusidanganyane kwamba haya ni mazoea madogo ya vijijini. Machi 1993 watu walianza kuuana Ntoto, katika Walikale, na mauaji yakaenea Masisi, jirani kwa jirani. Mapanga hayo yalikuwa na sababu za ardhi, za uraia na za siasa, na hatusemi kwamba yalianzia puani. Lakini kabla ya kumpiga jirani kuna wakati unaacha kumwona kuwa mtu, na tusi la harufu linasaidia sana kazi hiyo. Anayesema "jamii hii inanuka namna hii, kwa hiyo ina tabia namna hii" ametumia karatasi ya saloni bila kujua. Amebadilisha safu ya kwanza tu.

Kuna pia wahubiri na wapapa wa heshima wanaosema mwanamke wa parfe ni malaya. Wanafikiri wanapigana na muuza parfe. Kwa kweli ni wanafunzi wake! Yeye anasema chupa inaonyesha mwanamke mwenye mamlaka, wao wanasema chupa ileile inaonyesha mwanamke mwenye zambi. Wote wanaamini chupa. Hakuna kati yao aliyemwuliza mama mwenyewe habari zake.

Harufu ya kazi, harufu ya jeraha

Basi harufu inasema nini? Inasema mtu ametoka wapi na amefanya nini. Inaishia hapo.

Mama wa Walikale aliyetoka kuopoa mihogo mtoni ananuka mihogo. Watoto wa mjini wanamcheka. Wajue jambo hili: mihogo michungu ina sumu, na mama anailowesha siku tatu au nne mpaka inalainika na kuchacha, kisha anaimenya na kuianika. Harufu ile inayochekwa inatoka kwenye kazi ya kutoa sumu ndani ya bugali tunaokula. Huko ng'ambo mtu anatoa dola nyingi kununua chupa iitwayo Sumu ili aonekane mwanamke wa ajabu. Huku kwetu mwanamke anatoa sumu halisi kwenye chakula cha watoto, na tunamkunjia pua. Kati ya hao wawili, tabia iko wapi?

Mama wa makala ananuka makala, kwa kuwa gunia limelala mgongoni mwake tangu usiku. Mama aliyelala miezi kwenye blindé ya plastiki, kwenye kambi zilizozunguka Goma mpaka zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, alinuka matope, moshi na nguo zisizokauka. Maji yalikuwa ya kupigania, na sabuni ilikuwa ya kuomba. Tulisikia watu wa mjini wakisema: "Bakimbizi hawapendi kunawa." Waliosema hivyo, wengine wao walikimbia wenyewe baadaye, na wakajifunza.

Halafu kuna yule mama wa gari la Sake. Tuliahidi kumrudia.

Ugonjwa wake unaitwa fistula. Mwanamke anapata uchungu wa kuzaa siku moja, mbili, tatu, mbali na hospitali. Kichwa cha mtoto kimekwama na kinakandamiza kibofu kwenye mifupa ya nyonga. Damu haipiti tena pale, nyama inakufa, na baada ya siku chache tundu linafunguka. Tangu hapo mkojo, na mara nyingine choo kikubwa, vinatoka bila kumwuliza ruhusa. Mara nyingi mtoto naye amekufa. Kuna njia nyingine ambayo watu wa Walikale na Masisi wanaijua kwa uchungu: kubakwa kwa ukatili mpaka mwili unachanika. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, kwenye vijiji 13 vya barabara ya Kibua na Mpofi, uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387 angalau waliobakwa na watu wenye silaha, wanawake, wanaume na watoto. Ntabo Ntaberi Sheka, mmoja wa wakubwa wa vikundi hivyo, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi ya Goma mwezi wa Novemba 2020, baada ya kesi ya miaka miwili.

Kesi ya miaka miwili! Mahakama ilihitaji muda huo wote kusikiliza mashahidi kabla ya kumhukumu mtu mmoja mwenye bunduki. Mama aliyejeruhiwa anahukumiwa na pua ya jirani kabla hajakaa kwenye kiti. Bwana anamhamishia jikoni, halafu anamrudisha kwao. Kanisani anakaa nje karibu na mlango. Mwisho yeye mwenyewe anaamini hukumu, anajificha, na haendi kutafuta matibabu, juu anafikiri ni tabia yake iliyoharibika, wala si kibofu.

Hapa njo tunaona ubaya wa ile karatasi ya saloni, ambayo ilionekana mchezo wa mabinti. Mkikubali kwamba harufu ya maua inatoka kwenye moyo wa upole, mtakataaje kwamba harufu ya mkojo inatoka kwenye moyo mchafu? Ukimfungulia mlango wa kwanza, wa pili umefunguka tayari.

Fistula inatibika. Madaktari wanaifunga kwa upasuaji, na wanawake wengi wanarudi wazima. Goma kuna hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa na Dokta Jo Lusi na mke wake Lyn Lusi, aliyefariki mwaka wa 2012. Bukavu kuna Panzi, ambako Dokta Denis Mukwege alianza kazi mwaka wa 1999, na alipata tuzo ya Nobel ya amani mwaka wa 2018. Wanawake wa Masisi na Walikale wamefika huko kwa miguu, kwa pikipiki, na wengine kwa kipoyi mabegani mwa vijana. Mwenye kumbeba mgonjwa kwa kipoyi siku nzima, harufu iko karibu kabisa na uso wake. Vijana hao hawakuandika chochote juu ya harufu. Walibadilishana mabega.

Tunachoomba

Kwa wenye saloni na butiki: uzeni. Semeni chupa hii inadumu masaa mangapi, ni ya maua au ya miti, bei yake ni gani, na kama ni ya kweli au ya kuiga. Ile karatasi ya tabia, ibandueni.

Kwa wazazi na wakwe: siku ya kumpokea binti, mpakeni mafuta kama zamani, au mpeni chupa ya dukani kama mnapenda. Lakini fanyeni kwa mikono yenu na kwa maneno ya kumkaribisha. Tabia yake mtaijua katika kuishi naye, na yeye atajua yenu.

Kwa wahubiri: mkisema juu ya manukato mimbarani, semeni pia juu ya mama aliyekaa nje karibu na mlango. Mwiteni kwa jina, aingie.

Kwa walimu: watoto wafundishwe hadithi ya Kahindo pamoja na ile ya Mwindo, na wafundishwe juu ya nini mihogo inaloweshwa. Anayemcheka mwenzake kwa harufu ya Batwa, ya wafugaji au ya wakimbizi, asiachwe bila kurekebishwa.

Kwa mabinti zetu: vaa harufu unayoipenda. Asubuhi ukitaka miti, jioni ukitaka maua, ni haki yako. Huna hesabu ya kumpa mtu. Na yule mwalimu wetu, kama anasoma kijitabu hiki, tunamwomba afungue ile chupa. Imelipwa.

Na kwa kila mmoja wetu anayepanda gari: siku moja atapanda mama anayenuka. Unaweza kufungua dirisha, hakuna anayekukataza. Lakini msogee, umpishe akae, na mkifika umwonyeshe njia ya hospitali.